Lifti ya kwenda miambani

Kwanza nieleze tabia za samaki mwenyewe, maana bila hivyo utadhani mimi na shemeji tulikuwa tumelewa. Rokifishi ni samaki wa pwani ya Pasifiki. Huku California aina zake ni makumi kwa makumi, anakaa chini kabisa kwenye miamba, na ndani ana mfuko wa hewa usio na pa kutokea hewa. Ukimvuta haraka kutoka futi 100, hewa ile inavimba kadiri anavyopanda. Anafika juu macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango, mdomoni kuna kitu chekundu kimejaa. Mimi nilipomwona wa kwanza nilidhani ni ulimi. Kumbe ni tumbo.

Sasa huyo akiwa mdogo humtupi tu majini ukasema umemrehemu. Ataelea juu juu mpaka shakwe wamle. Unambana mdomo kwa kibanio chenye chubwi, unamteremsha mpaka kina alichotoka, uzito wa maji unaibana ile hewa, tumbo linarudi mahali pake, kibanio kinafunguka, naye anakwenda zake. Lifti, kwa kifupi.

Na heshima lazima. Ukoo huu una wazee wasiotaniwa: wale wenye macho ya manjano huvuka miaka 100, na wako binamu zao waliohesabiwa zaidi ya 200 kwa mistari ya mfupa wa sikio. Ndiyo maana mimi kila ninayemrudisha namwamkia. Shikamoo, halafu chini. Shemeji ananicheka, lakini yeye hajui ni nani atakayemkuta huko mbele ya safari.

Basi siku hiyo tulikuwa nje kidogo ya Monterey, kila mtu na kayaki yake, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, bahari imetulia, mwani mrefu umelala juu ya maji, simba wa bahari wanabweka kwa mbali kama kawaida yao. Nikapata rokifishi mwekundu, mrefu kupita kiganja changu kidogo tu. Hapa California wengi wao hawana kipimo cha chini kisheria, unahesabiwa idadi, lakini mtu mzima mwenye akili zake anamla yule wa nini? Akanichoma na mwiba wa mgongoni kwa kushukuru. Nikamwamkia, nikambana, nikaanza kumteremsha.

Hakufika. Katikati ya safari fimbo ya kuvulia ikainama ghafla mpaka ncha ikalamba maji.

"Shemeji, umenasa mwamba!" akapiga kelele shemeji.

"Shemeji, mwamba hautikisi kichwa!"

Alikuwa lingikodi. Kwa msiomjua: kinywa kikubwa, meno mengi, adabu hakuna. Ana desturi ya kumdaka samaki mwenzake aliyekwisha kunaswa, kisha anang'ang'ania hata kama yeye mwenyewe hana ndoana popote. Unaweza kumvuta mpaka juu kwa ubishi wake tu. Nikavuta. Akatokeza kando ya kayaki, rokifishi wangu kakaa kinywani kwa upana, na yeye ananitazama mimi kwa hasira, kana kwamba mwizi ni mimi.

"Neti! Neti! Mtie kwa chini kabla hajaachia!"

Kayaki, ndugu msomaji, inakuvumilia ukiinama kidogo. Nilimfikia kwa neti, nikamtia, na kwa sekunde moja nilikuwa mvuvi hodari kuliko wote pwani ile. Sekunde ya pili nilikuwa chini ya maji. Maji ya Monterey hayana cha kiangazi wala nini. Niliibuka na jaketi la kuokolea limenipanda mpaka masikioni, pumzi haiji, mkono mmoja juu umeshika mpini wa neti.

Shemeji akaja mbio kwa kafi. Nikanyoosha mkono mwingine aushike. Akashika neti.

"Ngoja kwanza huyu," akasema.

Kurudi juu ya kayaki sitakueleza sana. Unapanda kwa tumbo, unateleza, suruali inabaki nyuma, unapanda tena. Vitu vyote vilikuwa vimefungwa kamba isipokuwa fimbo ile yenye kibanio, ambayo sasa ni mali ya lingikodi wengine.

Ukaja wakati wa kupima. Sheria inamtaka lingikodi inchi 22, mdomo umefungwa, mpaka ncha ya mkia. Shemeji akamlaza juu ya ubao wa kupimia. Ishirini na moja na nusu. Akambana mkia. Ishirini na moja na nusu. Akamnyoosha, akambembeleza, akamgeuza ubavu wa pili.

"Shemeji, huyu amesinyaa kwa baridi."

"Mimi je? Mrudishe."

Huyo hakuhitaji lifti, maana lingikodi hana mfuko wa hewa. Akapiga mkia, akatumwagia maji ya usoni, akazama. Ila ndani ya neti alibaki yule mdogo, ana alama za meno ubavuni, macho bado yamemtoka, mdomo unafunguka na kufunga. Kibanio hatuna. Nikafungua kreti ya plastiki nyuma ya kiti changu, tukaifunga nanga ya shemeji, tukaigeuza kichwa chini juu ya samaki ili asiweze kuelea na kutoka, tukaishusha kwa kamba. Ilipogusa chini tukaipandisha. Tupu.

"Shikamoo yake umemwambia?" shemeji akauliza.

"Meno yanagongana, siwezi."

Nyumbani mke wangu alifungua kisanduku cha barafu, akakuta barafu. Akanitazama nilivyolowa, akamgeukia kaka yake.

"Dada, mumeo ana heshima," shemeji akamwambia. "Mgeni alipoaga, alimsindikiza mpaka ndani ya maji."