Nilivyomchongea Mama Mkwe kwa Vipande Vitatu vya Mkaa

Mama mkwe wangu alitoka Newala, kwenye korosho, akabadilisha ndege tatu mpaka San Jose, California, kuja kumwona mjukuu wake. Siku tatu za kwanza nilikuwa mkwe wa mfano. Siku ya nne akanikuta jikoni alfajiri nimejifunga khanga ya binti yake nasugua sufuria. Akaniambia, "Pole, baba," kwa sauti ile wanayotumia watu msibani. Nikajua heshima yangu imeanza kuvuja na inahitaji kuzibwa haraka.

Nikatangaza kwamba Jumamosi nitampeleka mama kutembea msituni.

"Mama yangu ametembea maisha yake yote kwenda shamba na kurudi na kuni kichwani," mke wangu akasema. "Unampeleka California akatembee?"

Nikamwambia hii ni tofauti, hii ni ya burudani. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa nimeshawishika. Mimi mtoto wa Tandika. Kwetu mtu akionekana porini mikono mitupu anaulizwa amepoteza ng'ombe au akili. Lakini nilikuwa nimenunua viatu vya ngozi vya kupandia milima, fimbo mbili za kutembelea, begi lenye mrija wa kunywea maji na kofia ya kamba. Vyote vilikuwa kabatini mwaka mzima vinanisuta.

Mahali penyewe ni Big Basin, hifadhi ya jimbo iliyo kongwe kuliko zote California. Ilianzishwa mwaka 1902 baada ya watu kupiga kelele kwamba miti ya redwood inaishia kwenye misumeno. Iko kwenye milima ya Santa Cruz, na nafasi ya kuegesha gari unaiweka mapema kwenye mtandao, maana ni chache. Hilo pekee lilinipa hadhi. Nilimwambia mama, "Huku huingii hivihivi, mpaka uwe na nafasi." Akaitikia kwa kichwa. Baadaye nilikuja kujua alidhani tunakwenda hospitali.

Barabara ya kupandia kule imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Mama alishika mlango kwa mkono mmoja na tasbihi kwa mwingine, anatafuna tangawizi, hasemi neno. Tulipofika akashuka na kandambili zake na khanga mbili, moja kiunoni na moja begani. Mimi ilinichukua robo saa kufunga mikanda ya begi.

"Tunakwenda mbali, baba?"

"Mzunguko wa kwanza ni kama kilomita moja, mama."

Akaziangalia fimbo zangu. Hakusema kitu, Mungu ambariki.

Nikiri jambo moja: ule msitu unanyamazisha mtu. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu njia nzima, lakini tulipoingia kwenye miti nikasahau nusu yake. Ni aina ya miti iliyo mirefu kuliko aina nyingine zote duniani, mingine imeishi zaidi ya miaka 1,000, na yote ni myeusi. Myeusi tii, kutoka kwenye mizizi mpaka unakochoka shingo. Agosti 2020 radi zilipiga milima ile usiku mmoja, na siku mbili baadaye moto ukaingia hifadhini ukapita karibu kila mahali. Asilimia 97 ya eneo iliungua. Jengo la makao makuu la mwaka 1936, lililojengwa kwa magogo, likabaki ngazi za mawe. Hifadhi ikafungwa karibu miaka miwili, na sisi tulipokwenda, Agosti 2024, njia nyingi zilikuwa bado hazijafunguliwa.

Lakini miredi haikufa. Miredi ni jina alilolitoa mama pale pale, na mpaka leo nyumbani kwangu hakuna anayesema redwood. Gome lake ni nene, linafika hata sentimita 30, na moto ukipita mti unachipua upya, tena unachipua kwenye shina lenyewe, kutoka chini mpaka juu. Ukiutazama kwa mbali utadhani brashi ya kuoshea chupa.

Hapo ndipo hotuba ikanirudia. Nikamweleza mama kwamba wanasayansi waliyapima machipukizi ya hapohapo Big Basin baada ya moto, wakakuta sehemu ya chakula kilichoyakuza ni sukari ambayo mti uliitengeneza na kuihifadhi zaidi ya nusu karne nyuma, na kwamba baadhi ya macho ya machipukizi huenda yalikuwa yamelala chini ya gome kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mama akausogelea mti, akaupapasa.

"Kumbe una kibubu," akasema. Kisha, baada ya kimya: "Sisi tunapanga foleni ya sukari, wenzetu walikuwa wanaificha humu."

Nikacheka sana. Nikaona mambo yananiendea vizuri. Hata tulipomkuta konokono wa kule, wa njano kama ndizi mbivu na hana gamba, nikamwambia chuo kikuu cha Santa Cruz kimemfanya nembo ya timu zake za michezo. Mama akamtazama kwa huruma: "Huyu kadaiwa kodi, kafukuzwa na mwenye nyumba." Tukacheka wote. Mkwe na mama mkwe, msituni, wanacheka. Nikatamani mke wangu angetuona.

Kumbe mwenzangu mawazo yake yalikuwa kwingine. Tulipotoka kwenye miti mikubwa tukashika barabara ya udongo inayopanda mlima, ile wanayopita magari ya zimamoto, pande zote mbili kumejaa magogo yaliyoungua. Mama akawa anabaki nyuma. Kila nikigeuka namkuta ameinama, anagonga gogo kwa kidole na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Baba, huu mkaa wa nani?"

"Wa serikali, mama."

"Wanauuza wapi?"

"Hawauuzi. Wanauacha tu uoze."

Akasimama. Nimewahi kumpa mama yule habari za misiba, lakini sijawahi kuona uso wake ukibadilika vile. Akaangalia mlima wa kwanza, akaangalia wa pili, midomo inahesabu. "Magunia," akasema polepole. Kwao mkaa ni miti ukate, tanuru ulifukie, ukeshe nalo usiku lisilipuke, kisha upambane na watu wa maliasili njiani. Hapa radi imefanya kazi yote bure na wenyewe wanaupita kana kwamba hawaoni.

Nikamwambia ni marufuku kuokota kitu chochote hifadhini, hata koni ya msonobari. Akasema amesikia. Nilipogeuka tena, pindo la khanga yake lilikuwa limefungwa fundo, na fundo limetuna. Nikajifanya sijaona. Mkwe hamkagui mama mkwe.

Sasa, picha. Nilitaka picha nimekumbatia mti mweusi. Mama akashika simu, mimi nikakumbatia kwa mapenzi yote, shavu na kifua. Miaka minne ilikuwa imepita tangu moto, lakini masizi hayakuwa na habari hiyo. Nilipojiachanisha na mti nilikuwa nusu fulana nyeupe, nusu sufuria ya ubwabwa.

Kando ya barabara palikuwa na kichaka kizuri sana. Majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, yamekaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, mengine ya kijani na mengine yameanza kuwa mekundu. Nikachuma konzi nzima, laini kama kitambaa, nikampa mama nusu ajifute mikono.

Hakuyapokea. Aliinamia kikonyo nilipovunjia, akakitazama.

"Hili lina utomvu, baba. Usichume usilolijua."

"Mama, hapa ni Marekani. Lingekuwa baya wangeweka kibao."

Yeye akajifuta kwa khanga. Mimi nikajifuta kwa majani: mashavu, paji la uso, kope, shingo mbele na nyuma, nikamalizia na masikio. Nikasugua vizuri, maana masizi ni magumu.

Nilikuwa bado na majani mkononi tulipokutana na askari wa hifadhi. Ni mwanadada mwenye kofia pana, anateremka barabara. Alipotuona akapunguza mwendo. Kisha akasimama, akatutumbulia macho, akaanza kuja moja kwa moja.

Nikaangalia fundo la khanga. Fundo nalo likawa linaniangalia.

Mimi nina kadi ya ukaazi, si uraia. Mtu mwenye kadi ya ukaazi akiona mtu mwenye sare, moyo hauulizi maswali. Kabla yule dada hajafungua mdomo, nikaanza kusema kwa Kiingereza changu chote: kwamba huyu ni mama wa mke wangu, ni mgeni, hakujua sheria, nilimkataza, mkaa ni vipande vichache tu, uko kwenye nguo pale, na mimi binafsi sihusiki. Nikaonyesha kwa kidevu.

Mama mkwe hajui Kiingereza. Lakini kidevu hakina lugha.

Akanitazama. Halafu akafungua fundo taratibu, kwa heshima zake zote, akaviweka vipande vitatu vya mkaa barabarani kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha mahari.

Yule dada akaangalia mkaa, akaniangalia mimi. Wala hakuwa na habari ya mkaa. "Bwana," akasema, "hayo majani mkononi umeyapaka usoni?"

Nikasema ndiyo.

Akafumba macho kidogo. Ndipo akanieleza kwamba kile kichaka wenyeji wanakiita mwaloni wa sumu, ingawa ukoo wake si wa mialoni kabisa. Ni ndugu wa mwembe na mkorosho. Kina mafuta yanayobabua ngozi, na baada ya moto kinachipua kwa fujo kutoka kwenye mizizi. Nikaoge sasa hivi kwa sabuni na maji baridi, nisiguse macho, nguo nifue peke yake. Mkaa akamwambia mama kwa ishara na tabasamu kwamba uachwe pale, ni chakula cha udongo.

"Amesema nini?" mama akauliza alipoondoka.

"Amesema karibuni tena."

Ningesemaje? Nimemchongea mama wa watu kwa mkaa, halafu nikiri kwamba kosa lilikuwa mkononi mwangu? Nikajimwagia maji ya mrija wa begi, bila sabuni, nikaendesha gari mpaka nyumbani nikijikuna jicho. Mama hakusema neno njia nzima. Safari hii hata tangawizi hakutafuna.

Jumapili shingo ikaanza kuwasha. Jumatatu nikaamka jicho moja halifunguki na sikio la kushoto limekuwa kama andazi. Daktari aliniuliza kama utotoni niliwahi kupata shida na maganda ya korosho au maembe. Nikakumbuka kila msimu Tandika, maembe mabichi na chumvi na pilipili, na midomo iliyobabuka kwa utomvu. Akasema huenda ngozi yangu ilikuwa inamjua adui kitambo, ndiyo maana imewahi kupiga kelele. Akaniandikia vidonge na dawa ya kupaka ya rangi ya waridi.

Nyumbani mama aliniangalia mara moja tu. "Hii ni kama mafuta ya ganda la korosho," akasema. "Mtoto wa kwetu wa miaka sita angekwambia." Mke wangu naye akafungua simu yangu kutafuta picha za safari, akacheka mpaka akakaa chini. Picha ya kwanza kabisa, niliyoipiga mwenyewe pale mlangoni, mama amesimama kando ya kibao kikubwa. Kwenye kibao pamechorwa majani matatu yanayong'aa.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kupiga simu ya video Newala. Baba mkwe alikuwa hajawahi kuniona uso kwa uso; ndoa ilifungwa mimi niko huku, nikawakilishwa na kaka. Nikajaribu kusingizia kazi. Mama akasema, "Hapana, kaa. Mzee amevaa koti."

Mtandao wa kule ukasita kidogo, kisha picha ikatulia. Mzee akasogeza simu karibu na macho. Akaona kichwa kilichovimba, macho yaliyozama, midomo imening'inia, mashavu yamepakwa dawa kama ukuta unaokarabatiwa. Akavua kofia yake polepole.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Sebule nzima ikanyamaza. Nikamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni anabangua karanga. Hakuinua hata kichwa.

"Mwitikie, baba."

Nikaitikia.