"Kila nakala ni ya kipekee", au fiksa imechoka?

Kuna maelezo yanayobandikwa siku hizi chini ya picha za chumba cha giza zinazouzwa, yaani zinazotolewa kwa mkono kwenye karatasi kwa mwanga na dawa, ya mwisho ikiwa fiksa, inayoifanya picha idumu: eti kila nakala hutofautiana kidogo, na huo ndio uzuri wa kazi ya mkono. Maneno matamu. Halafu unaweka namba 3 na namba 7 za toleo lilelile ubavu kwa ubavu: moja ina mawingu, nyingine anga lake jeupe kama karatasi ilivyotoka kwenye boksi. Bei ni ileile. Fundi cherehani akikuletea sare mbili za shule, moja mikono mirefu na nyingine mifupi, huwezi kumsifu kwa ubunifu. Unamrudishia kazi yake.

Ipo tofauti iliyokusudiwa na ipo iliyojiingiza yenyewe. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, akaendelea kuisafisha kwa miongo kadhaa. Katika nakala za mwanzo anga ni la kijivu na mawingu yanaonekana. Katika za baadaye limekuwa jeusi tii. Aliyataka mabadiliko hayo. Mtu huyohuyo alikuwa akikausha vipande vya majaribio kwenye maikrowevu, kwa sababu alijua karatasi iliyolowa ni mwongo.

Karatasi ya faiba, ile ya picha isiyopakwa plastiki, ikikauka inaingia giza, hasa kwenye maeneo meupe: kanzu, mawingu, kuta za chokaa. Karatasi nyingi zinataka upunguze mwanga kati ya asilimia 5 na 12. Kama kipande kibichi kimependeza kwa sekunde 20, nakala ya kweli huenda ni 18 na ushei. Pima mara moja kwa kila aina ya karatasi, andika juu ya boksi, basi. Anayehukumu nakala moja ikiwa mbichi na nyingine ikiwa kavu ameshajitengenezea "upekee" kabla hata hajagusa dawa.

Lakini mchawi mkubwa huku kwetu ni umeme, na ndiye asiyetajwa kabisa. Balbu ya nyuzi ndani ya enlaja, mashine inayomulika negativu juu ya karatasi, haipunguzi mwanga sawa kwa sawa na volti. Volti ikishuka kutoka 230 hadi 207, yaani asilimia 10 tu, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Hiyo ni nusu stopu nzima (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu), na taima yako imehesabu sekunde zake kwa uaminifu wote. Balaa halijaisha: balbu ikipungukiwa volti, mwanga wake unaelekea wekundu na bluu inapungua, wakati karatasi ya maltigredi, ile inayobadilishwa kwa filta za rangi, inapata ugumu wa kontrasti, yaani tofauti kali ya weusi na weupe, kutoka kwenye bluu hiyohiyo. Kwa hiyo nakala inatoka imepauka na imepooza kwa pamoja. Fundi anabadilisha filta kutoka 2 kwenda 3 iliyo kali zaidi, anaongeza sekunde, anaridhika. Jirani anazima pasi, volti inarudi. Nakala inayofuata inatoka nyeusi na kali, na hapo ndipo anapoanza kusema habari za roho ya picha.

Dawa yake ni stabilaiza kati ya soketi na enlaja, tena si yoyote tu. Zile za bei rahisi zenye rilei, yaani swichi za umeme, hurekebisha kwa kuruka ngazi, na ikiruka katikati ya sekunde 15 za mwanga, umekwisha. Tafuta ya servo, inayorekebisha kwa mota bila kuruka, au angalau chomeka multimita ya kupimia volti uisome kabla ya kila nakala. Ikicheza, subiri. Usiku wa manane umeme hutulia.

Joto nalo. Maelekezo ya developa, dawa inayoitoa picha kwenye karatasi, yanasema nyuzi 20, maji ya bomba ya Dar es Salaam mwezi wa pili yanacheka. Chupa za barafu kwenye trei kubwa inayozunguka trei ya dawa husaidia, ila joto litapanda tu. Njia ya uhakika ni kuacha kuamini saa peke yake. Chagua sehemu moja yenye giza kwenye picha, angalia inaanza kuonekana sekunde ya ngapi. Ikitokea sekunde ya 20 na ukasafisha kwa 120, kizidisho chako ni 6. Dawa ikipata joto na kivuli kikatokea sekunde ya 15, toa karatasi kwenye 90. Ikichoka na kikatokea kwenye 25, ngoja 150. Usichomoe mapema kwa sababu "imeshaiva": chini ya taa nyekundu kila kitu huonekana kimeiva, na weusi uliokatizwa njiani hubaki wa matope.

Fiksa nitaisema kwa ufupi kwa sababu inanikera. Ilford wenyewe, watengenezaji wa karatasi na dawa za picha, kwa fiksa yao ya haraka, wakitaka picha ya faiba idumu kweli, wanaishia kwenye karatasi kama 10 za sentimita 20 kwa 25 kwa kila lita. Kumi! Watu wanapitisha hamsini. Siku ya maonyesho namba 1 na namba 50 zinafanana. Ile ya hamsini itageuka kahawia ukutani kwa mnunuzi. Tumia trei mbili za fiksa, ya kwanza ikichoka imwage, ya pili ishike nafasi yake.

Haya, nakubali kwa shingo upande: mkono unaozuia mwanga usifike sana kwenye uso wa mtu pichani hauwezi kurudia safari ileile kwa kipimo cha rula. Na wanaosafisha kwa njia ya lithi, kwa developa maalumu iliyozimuliwa sana, wana udhuru kamili, kwa kuwa developa yao inabadilika kwa kila karatasi inayopita. Waandike hivyo waziwazi.

Wengine waandike kwa penseli nyuma ya kila nakala: karatasi, filta, sekunde za msingi, wapi mwanga umezuiwa na kwa muda gani, wapi umeongezwa. Mnunuzi ana haki ya kuigeuza picha na kusoma. Akikuta namba ya toleo na sahihi tu, basi aombe aonyeshwe namba iliyotangulia kabla hajatoa pesa.