Shati la Pasaka

Haya, kwa kuwa jamaa yangu mmoja ameimwaga habari hii jana usiku kwenye grupu la mtaa, tena kwa gunia zima la chumvi, acha nisimulie mwenyewe. Sikulia. Hilo tulimalize kwanza.

Pasaka ya 1994, Safari Rally. Ninyi mnaotazama rali kwenye simu hamjui: sisi tulipiga mguu kutoka mtaa wa Kaloleni mpaka jumba la KICC, katikati ya Nairobi, kuona magari yakipepewa bendera. Tangu Mkenya mwenzetu Shekhar Mehta ashinde 1982, kombe lilikuwa likienda na wageni tu, na sisi tulikuwa tumechoka. Mimi nilikuwa wa Patrick Njiru na Subaru yake. Sura yake sikuijua sawasawa. Runinga ya plotini ilikuwa moja na picha yake ni mvua tupu.

Nilivaa shati jeupe la kaka, la kwaya. Ruhusa? Tuendelee.

Harambee Avenue tukamkuta mwanamume wa ovaroli ya buluu, ameegemea gari lenye vibandiko na namba mlangoni, mkononi kalamu nene ya wino. (Wa enzi hizo mnakumbuka: ikifika Pasaka, kila mwenye Datsun alikuwa dereva wa rali.) Nikampa mgongo, nikainama. "Njiru, niandikie!"

"Una hakika, kijana?"

"Hakika!"

Akaandika taratibu, kalamu ikinitekenya mpaka kiunoni. Nikawaza, kumbe ana jina refu hivi.

Basi nikatamba mjini. Watu wakawa wananiuliza, "Bei gani?" Nikawajibu kwa maringo, "Haiuzwi!" Muuza njugu alifika shilingi ishirini, nikamcheka. Jamaa yangu alikuwa nyuma muda wote, anakohoa mpaka machozi. Nikamwonea huruma, nikamnunulia soda. Soda, jamani! Kwa nauli yangu!

Tukafika kituo cha basi cha Ambassadeur. Mzee mmoja akanigusa bega kwa bakora.

"Kijana, mwisho ngapi?"

"Haiuzwi, mzee. Hili nitazikwa nalo."

"Sasa mbona umetangaza?"

Foleni nzima ikanyamaza. Nikavuta shati kwa pembeni, halikufika. Nikapinda shingo kama kuku anayetafuta kupe, sikuona kitu. Nikafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kikagoma, nikahangaika nacho huku mzee akinishikia kofia. Nikalivua, mbavu nje, nikalitandaza gotini. Herufi kubwa, nadhifu, mwandiko wa mtu aliyesoma:

GARI INAUZWA.

Na chini yake: BEI NI MAELEWANO.

Nilipoinua macho, nyuma ya mzee alisimama binti wa plotini kwetu, yule niliyekuwa nikimtafutia neno la kuanzia tangu Krismasi. Akaanza yeye.

"Imetembea kilomita ngapi?"

Mengine ni mafupi. Wino haukutoka, kaka aliimba Pasaka amevaa sweta, kichapo nilikipata. Ian Duncan akashinda na Toyota Celica yake, Mkenya hatimaye, mtaa mzima ukashangilia mimi nikiwa uvunguni.

Sasa jana, chini ya uongo wa jamaa yangu, binti yule (ana wajukuu wawili siku hizi) ameandika: "Bado iko sokoni?"

Nimeandika jibu na kulifuta mara nne.