Kilo Moja ya Gesi, Kodi ya Kilo Tatu

Naomba kuuliza kwa heshima zote: mtu anunuapo kilo moja ya gesi ya kupikia, inakuwaje atozwe kwa kilo tatu? Swali hili nimelifikisha kaunta, nikiwa na risiti yenye mstari mpya wa kodi ya kaboni, ile inayotozwa kwa uzito wa hewa ukaa itokayo gesi inapoungua. Kijana wa mauzo, mpole kupindukia, akanijibu, "Mzee wangu, gesi ikiungua, kaboni yake huungana na oksijeni iliyomo hewani, ndiyo maana kila kilo hutoa takriban kilo tatu za hewa ukaa." Nikamwuliza kama oksijeni hiyo nayo nimeinunua kwake. Akasema hapana, hiyo ni ya bure. Nikataka kujua kitu cha bure kimeingiaje kwenye hesabu yangu, naye akaniomba nisogee pembeni ili wengine wahudumiwe. Sikusogea. Nilimweleza, kwa sauti ambayo hadi hapo ilikuwa bado ya kistaarabu, kwamba mwenye paneli za jua juu ya paa na jiko la umeme ameshaikwepa kodi hii, ilhali mimi wa mtungi mdogo ndiye ninayeubeba mzigo. Akasema lengo ni kunihimiza nibadilishe nishati. Nibadilishe kwa fedha ipi, jamani, na ya kununulia jiko jipya ndiyo hiyo mnayonikata! Walio nyuma yangu waliniunga mkono mpaka walipogundua kuwa foleni haisogei.

Jirani yangu amerudi kwenye kuni, ambazo hazina risiti, na moshi wake tunagawana bila kodi.

Kusema haki, wapo waliolifikiria jambo hili. Uswisi, inayotoza kodi hiyo kwa mafuta ya kupashia nyumba joto tangu 2008, huwarudishia wakazi sehemu ya fedha kwa kuwapunguzia ada ya bima ya afya. Ni vizuri, ila bili haisubiri rejesho. Ujerumani nayo, tangu 2023, mwenye nyumba na mpangaji hugawana gharama hiyo, na kadiri jengo linavyotoa hewa ukaa nyingi kwa kila mita ya mraba, ndivyo fungu la mwenye nyumba linavyokua. Habari hizi nilimpelekea mwenye nyumba wangu. Alinisikiliza kwa makini, akalitazama dirisha lililozibwa kwa boksi, kisha akaniuliza nahamia huko lini, kwa kuwa ana mtu anayekitaka chumba.