Kula ya Siri

Mimi ni Mkurya wa Tarime, na ninafundisha Kiswahili kidato cha pili. Sentensi hiyo peke yake inawatosha walimu wenzangu kucheka mpaka chai ipoe. Kwetu R inafanya kazi zote. L nimeikuta shuleni, nikaihangaikia hadi nikapata digrii, na hofu yake haijanitoka: nikipata shaka kidogo tu, mkono unaandika L.

Wanafunzi hawajui hayo. Wao wanaijua kalamu yangu nyekundu. Kosa la tahajia, nusu alama. Jina la mtu kuanza na herufi ndogo, nusu alama. Anayeandika "xaxa" na "2takuja" kwenye insha, kana kwamba anachati na shemeji yake, namrudishia daftari bila kusoma.

Siku hiyo somo lilikuwa mkato. Niliandika ubaoni "Baba Asha amefika", chini yake "Baba, Asha amefika", nikauliza ni nani kafika. Walibishana dakika kumi nzima, kipindi kikawa kitamu. Kisha nikaharibu. Nilikuwa nagawa madaftari, nikamsimamisha binti mmoja aliyeandika "mahari pa kuzaliwa".

"Ulizaliwa kwenye mahari? Ya ng'ombe wangapi?"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka.

Mchana mkuu wa shule akaniita. Tangu 2016 ada imefutwa, lakini kwa sisi wa kutwa chakula cha mchana bado ni mapatano ya wazazi: mahindi debe ngapi, maharage kilo ngapi. Wazazi wapige kura, yaishe. Niandike tangazo, kila mtoto apeleke nyumbani. Nikamuuliza kama atalipitia kwanza.

"Mwalimu wa Kiswahili nimkague Kiswahili?"

Nikaenda steshenari. Kompyuta ya pale inapigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayeijali. Nikatoa nakala 180. Kichwa cha habari herufi kubwa, mikato yote mahali pake, nukta zimetulia. Liliishia hivi:

"Ajenda ni moja: chakula cha mchana. Kula itaanza saa 7:00 mchana. Kila mzazi ana kula moja tu. Kula itakuwa ya siri."

Kwa kawaida kikao kikiitishwa wanakuja wazazi kumi na watano, na watatu kati yao wamekuja kudai sare. Jumamosi ile saa sita viti viliisha, tukatoa madawati, nayo yakaisha. Mababu walikuja. Mama mmoja alikuwa na hotipoti ameifunga kwenye kanga, na mwingine kaja na watoto wanne ambao hakuna hata mmoja anayesoma kwetu. Mkuu alinipiga bega: "Mwalimu, tangazo lako lina nguvu!" Nikavimba kichwa.

Saa saba kamili nikaingia na boksi la biskuti tulilolitoboa juu liwe sanduku la kura. Ukumbi ukapiga makofi. Nilishangaa kidogo. Mzee wa mstari wa mbele akainuka, akachungulia kwenye tundu, akaniangalia kwa huruma.

"Mwalimu, shikamoo yangu utanidai. Hiyo kula ya siri, ndiyo siri kiasi hiki?"

Nikachukua tangazo mikononi mwake. Nikalisoma. Jasho lilianzia kisogoni.

Mtu makini angeshtuka mapema, maana kula ingekuwa kula kweli ningeandika "kutaanza", na wala isingekuwa "moja" bali "kumoja", Mungu apishe mbali. Lakini mwenye njaa hatafuti upatanisho wa kisarufi. Mkuu alitoa pesa mfukoni mwake, akamtuma mlinzi mandazi. Yalikuja ndoo mbili. Nami nikasimama mbele ya umati ule nikaeleza tofauti ya R na L kwa mifano, na kwa haraka ile nikasema "kupiga kula" mara mbili tena.

Yule binti alikuwa dirishani na wenzake. Nikamfuata.

"Uliliona kosa?"

"Niliona, mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulitufundisha tukiwa na shaka na neno tuangalie kwenye kamusi. Nikaangalia. Kula ipo."

Nusu alama yake nilimrudishia Jumatatu, bila maelezo.

Kura zilipigwa mandazi yakiwa mdomoni. Nilizihesabu mwenyewe, karatasi nyingi zikiwa na alama za vidole vya mafuta. Ndiyo zilishinda. Moja tu ilikuwa imeharibika, imeandikwa kwa mkono wa kizee unaotetemeka: "Ndiyo, ila tuanze leo."

Mkato ulikuwa mahali pake.