Mshauri wa wanafunzi asikae ofisi ya nidhamu

Nawajua walimu kadhaa wa sekondari hapa Lubumbashi wanaotaka kurudi Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwenye kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu, wachukue masta ili wawe washauri wa wanafunzi. Wakinijia, swali la kwanza ni mshahara: karatasi hiyo itaniongezea nini? Kwa upande wa mshahara sina la kuwafariji. Mimi nawauliza jingine: staji, yaani mazoezi ya kazi, utafanyia wapi, na nani atakuwa anakusimamia?

Marekani, ambako kazi hii ina sheria zake, karibu kila jimbo linadai shahada ya uzamili kabla ya kumpa mtu cheti cha kushauri shuleni. Lakini shahada yenyewe imejaa kazi ya vitendo. Programu zinazotambuliwa na CACREP, baraza linalokagua mafunzo ya ushauri, zinadai saa 100 za mazoezi ya mwanzo, halafu saa 600 za kufanya kazi yenyewe, na kati ya hizo 240 ni za kuwahudumia watu moja kwa moja. Kila wiki kuna mzoefu anayekaa na huyo mwanagenzi: mtoto alisema nini, wewe ukajibu nini, kwa nini ukamkatiza? Sasa linganisha na staji nilizoziona kwetu. Mwanafunzi wa chuo anafika, anapewa rundo la buletini za matokeo anakili pointi, mwisho wa mwezi prefe, mkuu wa shule, anagonga muhuri. Hajamsikiliza mtoto hata mmoja.

Na watoto wa kusikilizwa wapo. Anayemaliza mwaka wa nane anafanya TENASOSP, ule mtihani wa taifa wa kuchuja na kuelekeza, akiwa na miaka kama 14. Hapo anachagua opsyo, yaani mchepuo wa masomo, itakayomfunga miaka minne hadi Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Papa anataka hesabu-fizikia kwa sababu baba mdogo ni injinia mgodini. Shule nayo inamsukuma kwenye ualimu kwa sababu ndiko kwenye madawati matupu. Mtoto mwenyewe anakubali yote mawili, kutegemea nani amesimama mbele yake. Mji huu si mgeni kwa vipimo vya saikolojia. Miaka ya 1950 Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa na kituo chake hapa, kikipima watu kwa mahitaji ya kampuni. Kupima tumejua zamani; kusikiliza bado.

Kinachonikera zaidi ni mahali tunapompeleka mtoto mwenye shida. Nilifundisha shule moja ambako msichana wa mwaka wa saba alikuwa akichelewa kila Jumatatu, siku ya salamu ya bendera, kwa hiyo kosa lake lilionekana na shule nzima. Direkta wa nidhamu alimpigisha magoti uwanjani, akampa ufagio, mwishowe akamrudisha nyumbani akamlete mzazi. Mzazi haji. Ukimuuliza binti, anatazama viatu. Mwalimu wa dini ndiye aliyepata habari, tena njiani, wakitoka shule: mama huenda Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, tangu Jumapili kununua unga, analala mpakani, na asubuhi binti ndiye anayewaogesha wadogo zake na kuwafikisha shule. Mbele ya yule direkta binti angeyasemaje hayo, akiwa bado na ufagio mkononi?

Direkta simlaumu sana. Kazi yake ni utaratibu, na shule bila utaratibu ni soko. Lakini mkono unaoadhibu hauwezi kupokea siri, hata ukiwa na masta. Chama cha washauri wa shule cha Marekani, ASCA, kimeliandika hilo wazi: kutoa adhabu si kazi ya mshauri. Chama hicho hicho kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Kwetu sisi, mmoja kwa shule mbili za jirani, akigawa wiki nusu kwa nusu, ningemwita baraka.

Najua jibu la wazazi: minervali, ada ya shule, tayari inatuumiza, sasa mnataka kutulipisha mtu wa kuongea? Wana haki ya kuuliza. Ila mtoto anayerudia mwaka kwa sababu alitupwa kwenye opsyo isiyo yake anawalipisha pia, mwaka mzima, na hakuna anayeandika gharama hiyo kwenye risiti.

Basi mwalimu mwenzangu, kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha, nenda kitivoni uulize saa za staji ni ngapi na anayekusimamia amewahi kufanya kazi ndani ya shule au la. Halafu rudi kwa prefe wako, muulize kama kuna chumba, hata stoo ya chaki, chenye mlango unaofungika na kisichopakana na ofisi ya nidhamu. Akikwambia utaanza kwa kukaa meza moja na direkta mpaka nafasi ipatikane, mshukuru, kisha cheo hicho ukikatae na uendelee kufundisha hesabu zako.