Nyumba ya kustaafia ikae umbali gani na maji?

Nina miaka 57. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika 55 na analazimika akifika 60, kwa hiyo chumba chetu cha walimu hapa Dodoma siku hizi kina swali moja: wewe unakwenda wapi? Wengi wetu tuna asili ya Kanda ya Ziwa, na jibu linalosikika zaidi ni kijiji cha ufukweni. Samaki wabichi, upepo, kiwanja cha bei nafuu, maji ya bustani mlangoni. Watoto wetu walioko Dar es Salaam wanatupinga. Wanasema mzee asikae mbali na hospitali kubwa, atafute kiwanja Kibaha au Chanika, mambo yaishe.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikitumia likizo kuzunguka na kutazama. Naona wote wana hoja, ila wanabishana ziwa au mji, na mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba uamuzi wenyewe uko kwenye vipimo viwili vidogo: mita ngapi kutoka majini, na saa ngapi hadi kwa daktari ikiwa ni usiku.

Fedha kwanza, maana ndiyo inayofanya kosa lisirekebishike. Kila mtumishi anajua habari ya kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Kanuni ya mwaka 2018 ilitaka mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa kwa pamoja ukistaafu, uwe asilimia 25, malalamiko yakawa makubwa, ikasitishwa. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha hadi 40 kwa watumishi wa umma. Hata kwa kiwango hicho, mkupuo ni fedha ya mara moja. Ukijenga pabaya, pensheni ya mwezi haitakujengea nyumba ya pili.

Mwezi Desemba nilikwenda Majita, kusini mwa Musoma, kuona nusu ekari iliyokuwa inauzwa. Ilikuwa pazuri kweli. Mchanga mweupe, mawimbi madogo, na kwa mbali mitumbwi ya dagaa imeegeshwa kusubiri usiku wa giza. Mzee wa jirani alinifuata taratibu na fimbo yake, akanisikiliza nikisifia, kisha akanipeleka kwenye mkuyu uliokuwa katikati ya kiwanja. Kwenye shina, juu kidogo ya kiuno changu, gamba lilikuwa limebadilika rangi: chini kijivu kilichofifia, juu kahawia ya kawaida. Akaweka ncha ya fimbo pale. "Maji yalifika hapa mwaka 2024, Mwalimu. Hapa si pa mtu. Ziwa limetuazima tu."

Nikageuka kutazama kijiji kwa macho mapya. Nyumba za wenyeji, za tofali na bati, zote zilikuwa juu, ng'ambo ya barabara, zimejibanza kwenye mawe. Chini ufukweni palikuwa na vibanda vya wavuvi tu, vya kuhamishika. Tangu siku hiyo kila kijiji nilichotembelea nimetazama jambo hilo kwanza, na nimekuta vilevile. Watu waliozaliwa na maji hawajengi kwenye maji. Wanaojenga pale ni sisi tunaorudi na mafao.

Mzee yule hakuwa anasimulia ajabu ya mwaka mmoja. Kati ya 1961 na 1964, enzi za mvua kubwa za uhuru, Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 likafikia tena kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda kupita hapo. Ziwa hili linapokea sehemu kubwa ya maji yake moja kwa moja kutoka mvua inayolinyeshea, na njia yake ya kutokea ni moja, mto Nile kule Jinja. Mvua ikizidi miaka miwili mfululizo, maji hayana haraka ya kuondoka.

Mita mbili huonekana ndogo ukizisikia. Lakini chukua ufuko bapa, kama ule wa Majita, unaoshuka mita moja kwa kila mita hamsini za kutembea. Ziwa likipanda mita mbili, maji yatakuwa yameingia nchi kavu mita mia. Nyumba itasimama ndani ya ziwa, na choo cha shimo kitakuwa kimeshachanganyika na maji unayokunywa.

Ndiyo maana siungani na wanaoilalamikia sheria ya mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa na ukingo wa mto. Malalamiko yao nayaelewa. Wengine wamerithi maeneo hayo kwa babu zao, na inauma kuona hoteli imesimama kwenye maji huku mwanakijiji akiwekewa alama ya X. Ukali wa sheria ukimwangukia mnyonge peke yake, hiyo ni dhuluma na isemwe. Lakini kwa mstaafu anayetafuta pa kujenga leo, mita 60 ni chache kuliko tahadhari inayotakiwa kwenye ufuko bapa. Na kiwanja chochote unachouziwa ndani ya mita hizo, hata kikiwa na karatasi iliyogongwa mihuri mitatu, unanunua kesi.

Karatasi zenyewe zinahitaji uangalifu. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Mtu asiye mwanakijiji anaomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji, na kinachomlinda ni hati ya hakimiliki ya kimila. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwenye daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji haitoshi. Nilijifunza hilo kwa hasara. Miaka sita iliyopita nilitoa fedha kwa kiwanja upande wa Magu, nikazungushia seng'enge, kumbe nimefunga njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Haikupita wiki seng'enge ikakatwa. Nilikasirika sana wakati ule. Leo nawapa haki: njia ile ilikuwepo kabla yangu, akina mama walipita hapo kuchota maji, vijana walipita na nyavu. Ufukweni hakuna kiwanja kisicho na njia ya mtu, na mstaafu anayeanza maisha mapya kwa kuwafungia watu maji asitegemee majirani wa kumzika.

Kuhusu ile hoja ya samaki wa bei rahisi, ilikuwa kweli zamani. Sangara akishavuliwa anakimbilia kiwandani, minofu inasafirishwa nje, na bei ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inafuata bei ya kiwanda. Nimeona familia za kijiji cha wavuvi zinanunua mapanki, mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Dagaa bado wanapatikana kwa unafuu. Sato atakugharimu karibu kama mjini.

Afya ndiyo inayogawa watu zaidi. Wanaotaka ufukweni wanasema hewa ni safi, mtu anatembea, analima, presha inashuka. Nakubaliana nao kabisa. Nimeona wenzangu waliostaafu wakabaki mjini, wamekaa barazani na redio tangu asubuhi, na ndani ya miaka mitatu wamezeeka kama kumi. Mwenye bustani ya nyanya na mchicha ana sababu ya kuamka.

Lakini Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kile cha tumbo. Konokono wanaokieneza wanapenda maji tulivu yenye majani karibu na nchi kavu, pale pale tunapooga, kufua na kuchota. Vimelea vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho. Mimi mtu mzima nitachimba kisima na kukaa mbali na majani. Wajukuu wakija likizo ya Juni nitawazuiaje? Hapa wakazi wa pwani wana faida ya wazi, maana konokono hao hawaishi kwenye maji ya bahari.

Halafu usiku. Mtumishi aliyechangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, miaka yote ya kazi huendelea kutibiwa akistaafu, yeye na mwenza wake, na hilo ni jambo kubwa. Ila kadi haivuki ziwa. Mke wangu ana kisukari. Nikiwa kisiwani Ukerewe, akizidiwa saa nane usiku, natafuta chombo cha kumfikisha Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, kwenye ziwa lisilo na huruma. Tuliopoteza watu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018, mita chache kabla ya gati la kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, hatuwezi kuzungumzia kivuko kama kitu chepesi. Naipenda Ukerewe kuliko sehemu nyingi nilizopita, machungwa yake na watu wake, na bado nimeifuta.

Upande mwingine daraja limebadilisha hesabu. Zamani mgonjwa kutoka Sengerema alifika Busisi akasubiri kivuko, foleni ikiwa ndefu saa zinapita. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linapitika kwa dakika chache usiku na mchana. Vijiji vya Sengerema ambavyo sikuvifikiria kabisa sasa viko ndani ya safari ya gari moja hadi Bugando. Natarajia bei za viwanja huko zitapanda haraka, na anayetaka asichelewe.

Kitu kingine nilichogundua ni kwamba wamisionari walishatufanyia kazi ya kuchagua. Ukifuata hospitali zao za zamani unapata vijiji vya kando ya maji vyenye daktari: Shirati kule Rorya, hospitali ya Wamenonite, Matema na Liuli kwenye Ziwa Nyasa, za Walutheri na Waanglikana. Matema nilifika mara moja. Milima ya Livingstone inashuka karibu kuingia ziwani, wanawake wa Kikisi wanauza vyungu, maji ni angavu mno. Ila Kyela, wilaya yake, ina mvua nyingi mno na mafuriko yake yanajulikana, na kwetu ni mbali na ndugu. Mnyakyusa, mwenyeji wa huko, hata asingehitaji kusoma makala haya.

Bahari nimeifikiria kwa sababu mke wangu ni mtu wa Tanga na anataka Pangani. Ana hoja nzuri: baharini hakuna kichocho, jamii ni ya watu wanaosalimiana, Tanga mjini si mbali. Hofu yangu ni chumvi, inayokula bati na nondo na kuingia kwenye visima, na bahari inayomega nchi. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya themanini wanakumbuka jinsi Hoteli ya Africana ya Kunduchi ilivyomalizwa na mmomonyoko. Na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba pwani yetu nayo inafikiwa na vimbunga.

Je, watoto wa Dar wana haki basi? Kwa mtu anayesafishwa damu, au anayehitaji daktari bingwa kila mwezi, ndiyo, abaki karibu na Muhimbili, na nisingependa mtu wa namna hiyo ashawishiwe na picha za machweo. Kwa sisi wengine wenye presha na sukari inayodhibitika, naona kijiji cha kando ya ziwa kinashinda, ikiwa nyumba itakaa juu ya barabara, kati ya nyumba za wenyeji, na gari linaweza kufika hospitali usiku bila kupanda chombo. Maji ya bustani pampu ndogo ya sola itayapandisha hadi huko. Mtu atashuka ufukweni jioni kwa miguu na kurudi, na matembezi hayo yenyewe ni dawa.

Na asijenge kabla ya kupanga. Akae masika nzima kijijini hapo, aone barabara ikiteleza, asikie mbu, avumilie wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi na kuingia kila tundu la dirisha. Sisi tumeomba likizo bila malipo kuanzia Machi. Tumepata vyumba viwili vya kupanga karibu na Shirati, na mke wangu amekubali kwa sharti kwamba Juni, kabla sijatia sahihi popote, twende Pangani pamoja.